Desemba Machakos: Mji uliopitwa na reli, ukabaki na ngoma

WAKAZI wengi wa Nairobi husema wanaenda Machakos ilhali nia yao ni kufika Kisumu, Busia au Kakamega. Machakos wanayoitaja ni kile kituo kikubwa cha mabasi upande wa Muthurwa, ambako makanga huwavuta wasafiri kwa mikono na mizigo ikarushwa juu ya basi kabla mwenyewe hajalipa nauli. Wapo waliokipitia kituo hicho kwa miaka 20 na hawajawahi kukanyaga mji uliokipa jina.

Mji huo hauko mbali. Ni kilomita 63 hivi kusini mashariki mwa Nairobi. Unafuata barabara ya Mombasa, unapita Mlolongo na Athi River, kisha kwenye makutano ya Kyumbi unakata kushoto. Milima ya Mua inakuwa upande wako, na baada ya muda mfupi unauona mji umelala kwenye bonde, vilima vya Iveti vikiulinda kwa upande mmoja na Kiima Kimwe kwa upande wa pili.

Familia nyingi za jijini zinazofika huko siku hizi huenda People's Park, bustani iliyojengwa karibu na bwawa la Maruba enzi za gavana wa kwanza, Alfred Mutua. Watoto hupanda mashua, wazazi hula nyama choma, na jioni wote hurudi Nairobi wakiamini wameiona Machakos. Hilo si kosa. Lakini ni sawa na mgeni anayekaribishwa nyumbani akaishia barazani.

Machakos ina mengi ya kusikia kuliko ya kuona. Ukitafuta jumba kubwa la sanaa lenye tiketi na viti vya mstari utachoka bure. Sanaa ya huku haina jumba, ina mwezi, na mwezi wenyewe ni Desemba. Mvua za vuli zimenyesha, milima ni kijani, maembe yameanza kuiva na wana wa Ukambani wanarudi nyumbani kutoka Nairobi, Mombasa na kwingineko. Penye watu hapakosi wimbo. Twende basi tuuzunguke mwezi huo, msomaji, juma baada ya juma.

MJI WA MASAKU

Kwanza tuujue mji wenyewe. Jina Machakos limetokana na Masaku, kiongozi na mwaguzi wa Akamba aliyekuwa na boma lake sehemu hizi katika karne ya 19. Wageni walioshindwa kulitamka jina lake ndio waliolipinda likawa hilo tulilo nalo, ingawa wenyeji hadi leo husema Masaku.

Mwaka wa 1889 kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikitawala sehemu hizi, Imperial British East Africa Company, ilifungua kituo hapa. Wakati huo Nairobi ilikuwa kinamasi cha kunyweshea ng'ombe. Machakos ilikuwa mojawapo ya vituo vya kwanza vya utawala wa Mwingereza mbali na pwani, na John Ainsworth aliendesha shughuli za serikali akiwa hapa tangu 1892.

Kisha ikaja reli. Wakamba husimulia kwamba nabii Syokimau aliiona kabla haijaja, akasema litakuja joka refu kutoka maji hadi maji. Joka lilikuja kweli, lakini halikupita Machakos. Lilikata kupitia nyika za Athi, likafika Nairobi Mei 1899, na mwaka huo huo makao ya utawala yakahamia huko. Ajabu ni kwamba mwaka wa 2012 stesheni mpya ya reli ilipofunguliwa mpakani mwa Nairobi na Kaunti ya Machakos ilipewa jina la Syokimau. Nabii alilipata joka lake. Mji wa Masaku bado unalisubiri.

Mji ukabaki wa kando. Ukosefu huo wa reli uliuchelewesha kibiashara, lakini huenda ndio uliouachia sauti yake. Nairobi imejengwa na watu wa kila kabila, na wimbo wake ni mchanganyiko. Machakos mjini unasikia Kikamba sokoni, kanisani, kwenye matatu na kwenye redio ya kinyozi.

JUMA LA KWANZA: HARUSI

Mwezi unaanza kwa harusi. Shule zimefungwa na jamaa wako nyumbani. Jumamosi moja inaweza kuwa na harusi tatu katika kata moja, na vijana wa kubeba viti hawajui waende wapi.

Kabla ya harusi ya kanisani, wazee hutaka kujua jambo moja: je, ntheo imefanywa? Ntheo ni mbuzi wanaopelekwa na upande wa bwana kwa wazazi wa bibi, na kwa desturi ya Akamba bila mbuzi hao ndoa haijakuwa ndoa, hata kama kuna pete na cheti. Siku hiyo wanawake huimba. Wimbo unaanzishwa na mmoja, wengine wanaitikia, na maneno hutungwa papo hapo kulingana na waliohudhuria. Mkwe aliyefika amechelewa atajisikia ndani ya wimbo. Aliyekuja na mbuzi mwembamba naye pia.

Hapa ndipo utakutana na sanaa ambayo Akamba wanaiita mwali, na zikiwa nyingi, myali. Ni nyimbo za kuchezwa ambazo kazi yake kubwa ni kumsuta anayeharibu mwenendo: mlevi, mvivu, mzazi asiyelipa karo, kijana aliyewasahau wazazi wake alipopata kazi jijini. Jina la mtu halitajwi, lakini kila mmoja uwanjani anajua nani anaimbwa. Kabla ya magazeti, na kabla ya mahakama, jamii ilijirekebisha kwa njia hiyo. Aliyeimbwa hakuwa na la kujibu isipokuwa kubadilika.

Giza likiingia spika huletwa, na hapo huanza kamandiko, disko la usiku ambalo aghalabu hufuata harusi. Wazazi, watoto wenu wadogo warudisheni nyumbani mapema. Wahenga walisema ngoma ya watoto haikeshi.

JUMA LA PILI: FILIMBI ZA JAMHURI

Tarehe 12 Desemba ni Sikukuu ya Jamhuri, na katika sherehe za hadhara Ukambani vikundi vya ngoma havikosi kuitwa. Uwanja wa Kenyatta mjini Machakos umeona makubwa. Sherehe za kitaifa za Siku ya Mashujaa zilifanyiwa hapo Oktoba 2016. Desemba 2017 fainali ya CECAFA ilichezwa hapo, Harambee Stars wakawashinda Zanzibar kwa penalti baada ya sare ya 2-2.

Lakini mchezo ambao Akamba walijulikana nao tangu kabla ya mpira wa miguu ni ule wa kuruka. Ngoma yao ya vijana iitwayo mbeni ni ya wepesi na sarakasi. Kiongozi ana filimbi mdomoni. Akipuliza mara moja mstari unageuka. Akipuliza tena mchezaji anaruka, anajipindua hewani na kutua kwa mdundo bila kupoteza hatua. Jina hilo linafanana na beni, ngoma ya gwaride iliyovuma pwani na kusambazwa Afrika Mashariki na askari na wapagazi wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Ukizisikia zile filimbi na kuiona ile mistari iliyonyooka, kufanana huko hakukushangazi. Akamba wengi walikuwa askari wa King's African Rifles.

Watoto wengi wa jijini waliiona ngoma hii kwa mara ya kwanza wakiwa na shule zao pale Bomas of Kenya, Lang'ata. Wengine waliiona kwenye Tamasha la Muziki la Kenya, mashindano yaliyoanza mwaka wa 1927 na ambayo yamewafanya walimu wengi wa shule kuwa watunzaji wa ngoma za jadi pasipo kupewa cheo hicho. Tofauti ni kwamba kwenye mashindano mchezaji anamtazama jaji. Nyumbani anamtazama susu yake, yaani nyanya, ambaye aliicheza ngoma hiyo akiwa msichana na ambaye hatanyamaza akikosea.

JUMA LA TATU: WAMUNYU

Baada ya Jamhuri, tenga siku moja uende Wamunyu. Unashika barabara ya Kitui, unapita Masii, na kwa mwendo kama wa saa moja unafika kwenye kituo ambacho kazi yake imefika Ulaya, Marekani na Japani hata kama jina lake halikufika.

Inasimuliwa kwamba mtu wa hapa aitwaye Mutisya Munge alikwenda Tanganyika wakati wa vita vya 1914 hadi 1918, akakutana huko na wachongaji Wazaramo. Akamba walikuwa na uchongaji wao tangu zamani, wa viti vya miguu mitatu vya wazee na vijiko. Alichojifunza Mutisya ni kuchonga sanamu za kuuza. Aliporudi Wamunyu aliwafundisha jamaa zake, nao wakafundisha wengine, hadi ikawa vigumu kupata boma lisilo na tezo. Wachongaji wa Ukambani walihamia Nairobi na Mombasa, na yule twiga wa mti unayemwona kwenye maduka ya watalii huenda mkono uliomchonga ulijifunza kazi Wamunyu au kwa mtu aliyetoka huko.

Ukifika kwenye chama cha ushirika cha wachongaji utawakuta wameketi chini ya miti na vivuli vya mabati, vumbi la mbao likiwafunika miguu. Mmoja anakata umbo, mwingine anapiga msasa, mwingine anapaka rangi ya viatu ing'ae. Watoto wanapenda kutazama hapa kuliko kwenye jumba lolote la makumbusho, kwa sababu gogo linageuka kifaru mbele ya macho yao.

Lakini ujanja wote huo unahitaji mti, na mti umeisha. Mpingo na muhugu, miti migumu iliyowapa jina, ilikatwa hadi ikawa adimu Ukambani. Tangu miaka ya 1990 wachongaji wamehimizwa kutumia mwarobaini, jakaranda na mwembe, miti inayokua upesi. Baadhi ya wanunuzi hawaitaki kwa kuwa si myeusi na si mizito. Mzazi mwenye nia njema anaweza kusaidia hapa: ukinunua kijiko au bakuli, uliza ni mti gani, na usimkatae mwembe. Na bei usiivunje hadi fundi akose hata nauli ya kurudi kwake.

Ukiwa njiani kurudi, mwambie dereva apunguze mwendo utazame milima. Ile mistari ya matuta inayozunguka kila mteremko nayo imetokana na wimbo. Miaka ya 1930 udongo wa Machakos ulikuwa umekwisha kwa mmomonyoko, na serikali ya kikoloni ikaona dawa ni kuwanyang'anya watu ng'ombe. Mwaka wa 1938 Muindi Mbingu aliongoza umati wa Akamba hadi Nairobi kupinga jambo hilo. Ndiye ambaye mtaa wa katikati ya jiji una jina lake. Ng'ombe walirudishwa, yeye akahamishiwa Lamu. Miaka iliyofuata milima iliokolewa kwa kazi kubwa ya matuta, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ikafanywa na vikundi vya mwethya, wanawake wengi wao, waliochimba shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, wakiimba. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1994 ulionyesha kwamba watu wa Machakos walikuwa wameongezeka maradufu zaidi ya mara moja tangu miaka hiyo ya 1930, na bado ardhi yao ikawa katika hali bora kuliko mwanzo.

JUMA LA NNE: KWAYA NA GITAA

Krismasi inakuja na sauti mbili. Ya kwanza ni kwaya. Wamishonari wa Africa Inland Mission waliingia Ukambani mwaka wa 1895, na leo makanisa ya AIC, ya Kikatoliki na mengine yamejaa kila kona. Nenda ibada yoyote ya Krismasi huku usikie wanawake wakiimba sauti nne bila kinanda. Usikilize pia yale mabega. Nyimbo ni za Biblia, lakini mabega ni ya Ukambani.

Ya pili ni gitaa. Benga ya Ukambani ina gitaa jembamba na kali linalokimbia juu, besi inayojibu chini, na hadithi ndefu isiyo na haraka. Katika miaka ya 1970 na 1980 makundi matatu yalitamba: Kilimambogo Brothers la Kakai Kilonzo, Kyanganga Boys la Peter Mwambi, na Kalambya Boys pamoja na dada zao Kalambya Sisters, ambao wimbo wao "Katelina" ulizua vicheko na lawama kwa pamoja. Kakai alianza kuimba kwa Kikamba, kisha akaimba pia kwa Kiswahili, na nchi nzima ikamjua kwa nyimbo kama "Mama Sofi". Alifariki mwaka wa 1987, lakini sahani zake bado zinaliliwa na wenye mashine za kuzicheza. Waliofuata, kama Ken wa Maria, wamelipeleka gitaa hilo kwenye runinga na simu za vijana.

Kwa mwanamuziki wa benga, Desemba ni mavuno. Mashabiki wako nyumbani na wana pesa kidogo mfukoni. Januari itakuja na karo. Kwa hiyo bendi huzunguka kutoka soko hadi soko, mabango yakibandikwa kwenye kila nguzo. Ukipenda gitaa lao, lipa kiingilio. Nyimbo zinazosambazwa bure kwa simu hazijamnunulia mtunzi hata kilo ya sukari.

NGOMA ISIYOCHEZWA KWA WATALII

Kuna ngoma moja ambayo hutaiona kwenye bango lolote. Inaitwa kilumi. Ni ya wazee, hasa wanawake, na tangu zamani ilipigwa kuomba mvua na kutibu wanaosumbuliwa na pepo. Ngoma kubwa hulia kwa mdundo mmoja unaorudiwa hadi mchezaji anapandwa. Wamishonari waliikataza kwa waumini wao, na waumini wengi wameendelea kuikataa hadi leo. Mtoto wa familia ya kanisa anaweza kukua Machakos bila kuisikia hata mara moja.

Hatuko hapa kuamua kati ya kanisa na kilumi. Kila familia ina imani yake. Lakini wanaoijua ni akina susu waliozeeka, na wakiondoka hakuna kitabu kitakachomfundisha mtu mdundo ule. Ukibahatika kualikwa, usitoe kamera kabla ya kuomba ruhusa. Ile ni ibada ya watu.

MTOTO ASIYEELEWA WIMBO

Kila Desemba nyumba za Machakos hujaa watoto wa kutoka Nairobi. Wanasema Kiingereza cha shule, Kiswahili cha mtaa na sheng ya matatu. Jioni wanakaa na susu nje, yeye anaimba kidogo huku akipepeta mahindi ya muthokoi, wao wanatabasamu. Kisha mmoja anamgeukia mama yake kwa Kiswahili: "Mama, susu anasema nini?"

Mara nyingi mama hujibu: "Ni wimbo tu."

Jibu hilo ndilo linaloimaliza Machakos, kuliko disko na kuliko simu. Mwali ni maneno. Ukiondoa maneno yanabaki mabega yakitikisika, na mabega hayawezi kumsuta mtu. Benga ni hadithi. Asiyeielewa atacheza harusini wimbo unaosimulia talaka. Twaweza kujenga bustani na viwanja vya kila aina, na tumejenga. Lakini wimbo usioeleweka hata nyumbani umekwisha, ijapokuwa bado unapigwa kwa sauti ya juu.

Dawa yake haina gharama. Mzazi aliyezaliwa Ukambani, Desemba hii mtafsirie mtoto wako wimbo mmoja tu, neno kwa neno, na umweleze nani alikuwa akiimbwa na kwa nini. Mwanafunzi mwenye simu, mwombe susu au umau, babu yako, ruhusa umrekodi. Andika jina lake, kijiji chake na mwaka. Na wewe msomaji usiye Mkamba, usiogope. Jifunze salamu, "Wimuseo?", kisha ukae pembeni. Atatokea mtu wa kukueleza, maana mwenyeji wa huku akiona mgeni anasikiliza hamwachi hivi hivi.

Nauli ya Desemba hupanda, hasa kati ya tarehe 22 na 26, kwa hiyo safiri mapema au ngoja mkesha wa mwaka mpya. Beba koti kwa ajili ya usiku wa vilimani. Na ukifika pale kituoni Muthurwa, mwambie makanga waziwazi kwamba unaenda Machakos yenyewe, asije akakupakia la Busia.